Padre Charles-Michel de l'Épée: Mwalimu Aliyekubali Kuwa Mwanafunzi wa Viziwi



Tangu mwaka 2018 dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama kila tarehe 23 Septemba. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Mbeya, siku hiyo aghalabu hupita bila kutajwa kanisani. Lakini viziwi wamo miongoni mwetu. Wengine wamebatizwa katika parokia zetu, husimama tunaposimama na kupiga magoti tunapopiga magoti, kisha hurudi nyumbani bila kufahamu Injili ya Dominika hiyo ilihusu nini. Yafaa basi tuyatafakari maisha ya padre mmoja Mfaransa aliyekutana na hali hiyohiyo zaidi ya miaka 260 iliyopita, akakataa kuiona kuwa jambo la kawaida.

Padre huyo ni Charles-Michel de l'Épée, ajulikanaye zaidi kwa jina la Abbé de l'Épée. Abbé ni jina la heshima ambalo Wafaransa humwitia padre wa jimbo.

Njia ngumu ya kuelekea upadre

Charles-Michel alizaliwa mwezi Novemba mwaka 1712 huko Versailles, mji wa jumba la wafalme wa Ufaransa. Baba yake alikuwa miongoni mwa wataalamu waliosimamia majengo ya mfalme, hivyo familia ilijiweza. Angeweza kutafuta cheo na mali, lakini tangu ujana wake alitamani upadre.

Njia haikuwa nyepesi. Nyakati hizo Kanisa la Ufaransa lilitikiswa na mabishano juu ya Ujanseni, yaani mafundisho yaliyokaza mno udhaifu wa binadamu na kuiona neema ya Mungu kuwa ya wachache, na ambayo Mama Kanisa aliyakataa. Kila mtarajiwa wa upadre alitakiwa kutia sahihi hati ya kuyakana. Kijana Charles-Michel, aliyelelewa karibu na watu wa mwelekeo huo, alisita kutia sahihi, na mlango wa daraja takatifu ukafungwa mbele yake. Akasomea sheria, akapokewa kuwa wakili mjini Paris. Hata hivyo moyo wake haukutulia katika mahakama. Hatimaye askofu wa Troyes alimpokea jimboni mwake, naye akapewa daraja ya upadre mwaka 1738 na kufanywa kanoni.

Askofu huyo alipofariki, Padre de l'Épée alirudi Paris. Huko wakuu wa Kanisa walimtilia shaka kwa sababu ya msimamo wake wa zamani, akanyimwa ruhusa ya kuungamisha. Hatuna haja ya kuficha jambo hilo. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, na katika mabishano ya wakati wake hakuwa daima upande uliokuwa sahihi. Alikuwa padre aliyekaribia umri wa miaka 50, asiye na parokia wala kiti cha maungamo.

Mabinti wawili wasioitikia salamu

Karibu na mwaka 1760 aliingia katika nyumba moja ya Paris kwa shughuli nyingine kabisa. Inasimuliwa kwamba aliwakuta mabinti wawili wakishona. Akawasalimu, wasiitikie. Akasema nao tena, wala hawakuinua vichwa vyao. Mama yao alipoingia ndipo akafahamu kwamba mabinti hao, mapacha, walikuwa viziwi.

Mama akamweleza masikitiko yake. Padre mmoja aitwaye Vanin alikuwa ameanza kuwafundisha dini kwa kuwaonyesha picha za watakatifu, lakini alikuwa amefariki, na hakupatikana mtu wa kuendeleza kazi hiyo. Padre de l'Épée aliandika baadaye kwamba aliingiwa na huruma, akiona mabinti hao wataishi na kufa bila kuijua imani iwapo hakuna atakayejaribu njia yoyote ya kuwafikia. Akajitolea kuwafundisha, ingawa hakujua hata neno moja la ishara na hakuwahi kumfundisha kiziwi.

Tuzingatie jinsi mambo yalivyokwenda. Mama yule hakuomba muujiza wa kufunguliwa masikio ya binti zake, wala padre hakuuahidi. Swali lao lilikuwa moja: je, watoto hawa wanaweza kumjua Mungu?

Kwa watu wengi wa zama hizo jibu lilikuwa hapana. Walishika mafundisho ya Mtume Paulo kwa Warumi, kwamba imani hutokana na kusikia, wakayafasiri kana kwamba Roho Mtakatifu hana mlango mwingine isipokuwa sikio la nyama. Waliosoma vizuri walijua kwamba fasiri hiyo ina kasoro. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya Mwalimu, alikwisha kutambua kwamba viziwi huzungumza kwa ishara na kueleza mengi ya yaliyomo moyoni. Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva aliyefariki mwaka 1622, alimfundisha katekisimu kijana kiziwi aitwaye Martin kwa ishara, akampa Komunyo ya kwanza, na ndiyo sababu anaheshimiwa kuwa msimamizi wa viziwi. Huko Hispania, katika karne ya 16, mmonaki Mbenediktini Pedro Ponce de León aliwafundisha watoto viziwi wa familia za kitajiri kusoma na kuandika. Lakini hayo yalikuwa ya mtoto mmoja mmoja, na mara nyingi ya wenye uwezo. Kiziwi maskini hakuwa na shule.

Mwalimu ajifunza kwanza

Padre de l'Épée alikumbuka fundisho alilolipata kwa mwalimu wake wa falsafa alipokuwa kijana: hakuna uhusiano wa lazima kati ya wazo na sauti inayolitaja. Neno "mkate" halifanani na mkate. Sisi tumekubaliana tu kwamba sauti hiyo imaanishe chakula kile. Ikiwa ni hivyo, wazo laweza vilevile kuunganishwa na maandishi au na mwendo wa mkono. Yale ambayo sisi tuliyapokea kwa masikio, kiziwi anaweza kuyapokea kwa macho.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililomtofautisha na wengi. Hakuanza kwa kuwalazimisha mabinti wale watoe sauti. Alitazama kwanza jinsi walivyozungumza wao kwa wao. Wanafunzi walipoongezeka aliendelea kuwatazama, kuwauliza na kuziiga ishara zao. Viziwi wa Paris walikuwa tayari na lugha yao kabla yake. Shahidi wa hilo ni Pierre Desloges, fundi wa kujalidi vitabu aliyepoteza usikivu utotoni kwa ugonjwa wa ndui. Huyu hakuwa mwanafunzi wa padre wetu, lakini mwaka 1779 alichapisha kitabu cha kuitetea lugha ya ishara, akieleza kwamba viziwi wa mji ule walizungumza kwayo mambo yote ya maisha. Kwa hiyo si haki kusema kwamba Padre de l'Épée aliibuni lugha hiyo. Aliikuta, akaiheshimu, akaifungulia mlango wa shule na wa Kanisa.

Unyenyekevu wake ulionekana pia katika kisa kingine. Siku moja mgeni alimletea kitabu cha Kihispania ili akinunue. Alitaka kukikataa kwa kuwa hakuijua lugha hiyo, lakini alipokifungua alikuta michoro ya mikono ikionyesha herufi moja moja. Kilikuwa kitabu cha Juan Pablo Bonet, kilichochapishwa Madrid mwaka 1620. Padre huyo, mtu mzima tayari, akaanza kujifunza Kihispania ili apate kukisoma kwa faida ya wanafunzi wake.

Jinsi alivyofundisha neno "nasadiki"

Wapo waliodhani kwamba ishara zaweza kutaja vitu vinavyoonekana tu, kama nyumba au ng'ombe, bali mafumbo ya imani hayawezekani. Padre de l'Épée aliwajibu kwa mfano wa neno "nasadiki". Alilichambua katika sehemu nne. Kwanza alionyesha akili yake ikikubali. Pili alionyesha moyo wake ukikubali. Tatu alionyesha kinywa chake kikikiri. Nne aliyaonyesha macho yake na kukana kwamba yanaona. Mwanafunzi alielewa: kusadiki ni kukubali kwa akili, kwa moyo na kwa kinywa jambo ambalo macho hayajaliona. Ni wazi kwamba wengi wetu tunaoitamka Kanuni ya Imani kila Dominika tungenufaika na katekesi hiyo.

Hata hivyo mbinu yake ilikuwa na udhaifu. Alitaka ishara zifuate sarufi ya Kifaransa neno kwa neno. Akatunga ishara za ziada za kuonyesha nyakati za vitenzi na viungo vingine vya sentensi. Kwa wakati uliopita, kwa mfano, mkono ulitupwa nyuma ya bega. Sentensi zikawa ndefu na nzito, na wanafunzi walipokuwa peke yao waliziacha, wakarudia lugha yao iliyo nyepesi. Waliomfuata waliuona upungufu huo na kuurekebisha. Somo hilo latuhusu nasi. Lugha ya Alama ya Tanzania si Kiswahili kinachotamkwa kwa mikono. Ina mpangilio wake, na sura ya uso na mwelekeo wa mwili ni sehemu ya sarufi yake. Anayedhani atapachika ishara juu ya kila neno la Kiswahili hatawafikia viziwi.

Shule ya nyumbani

Nyumba yake katika mtaa wa Moulins, karibu na kanisa la Mtakatifu Roko, ikawa shule. Hakudai karo. Matajiri na maskini walikaa pamoja, naye alieleza wazi kwamba alikuwa ameanza kazi hiyo kwa ajili ya maskini. Kufikia miaka ya 1780 wanafunzi walikuwa wamezidi 60, na gharama nyingi zilitoka katika urithi aliouachiwa na wazazi wake.

Tangu mwaka 1771 aliwaalika watu kuja kushuhudia masomo. Wanafunzi walijibu kwa maandishi maswali ya dini, tena katika lugha zaidi ya moja. Hakufanya hivyo kwa kujitafutia sifa. Alitaka wageni waone kwa macho yao kwamba kiziwi ana akili na roho kama mtu mwingine, ili wakirudi kwao wakafanye vivyo hivyo. Mwaka 1777 Kaizari Joseph II wa Austria alifika. Inasimuliwa kwamba alitaka kumpa padre huyo cheo chenye mapato makubwa, naye akakataa, akiomba badala yake atumwe mtu wa kujifunza kazi hiyo. Padre mmoja akatumwa kutoka Austria, na mwaka 1779 shule ya viziwi ikafunguliwa Vienna. Aliichapisha mbinu yake katika vitabu vya mwaka 1776 na 1784 ili kila atakaye aitumie, tofauti na walimu waliozifanya mbinu zao kuwa siri ya biashara.

Majira ya baridi ya mwaka 1788 yalikuwa makali mno. Mzee huyo wa miaka 76 aliacha kuwasha moto chumbani mwake ili fedha za kuni zitumike kwa wanafunzi. Wanafunzi walipogundua, walimwendea wakilia na kumsihi ajitunze kwa ajili yao. Akakubali kwa shingo upande, na baadaye alisikitika mbele yao kwamba alikuwa amewapunguzia fungu lao.

Alifariki tarehe 23 Desemba 1789, wakati Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuwa yameanza kuitikisa nchi, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Roko. Mwaka 1791 Bunge la Ufaransa liliifanya shule yake kuwa taasisi ya taifa.

Mikono iliyofika Afrika

Mbegu hiyo haikuishia Paris. Mwaka 1816 Laurent Clerc, kiziwi aliyesoma na kufundisha katika shule hiyo, alisafiri hadi Marekani pamoja na mchungaji Thomas Hopkins Gallaudet, na mwaka uliofuata wakafungua shule huko Hartford. Kutokana na kazi hiyo kilitokea baadaye chuo kikuu cha viziwi chenye jina la Gallaudet mjini Washington. Mwaka 1954 alihitimu hapo Andrew Foster, Mmarekani mweusi kiziwi, Mkristo wa madhehebu ya Kiprotestanti. Mwaka 1957 Foster alifungua shule ya viziwi nchini Ghana, kisha akaanzisha nyingine katika nchi nyingi za Afrika, hadi alipofariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987.

Ulikuwapo pia wakati wa giza. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa kutamka tu. Ishara zikafukuzwa madarasani, hata katika shule nyingi za Kikatoliki, na watoto waliadhibiwa kwa kutumia mikono yao. Mwaka 2010 mkutano uliorithi ule wa Milano ulikutana Vancouver, ukaeleza masikitiko yake juu ya uamuzi huo.

Nchini mwetu shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki. Katika miaka ya 1980 viziwi wenyewe waliunda Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa mwaka 2010. Mjini Iringa ndugu zetu Waanglikana wa Dayosisi ya Ruaha wana kituo cha Neema Crafts, kilichoanzishwa mwaka 2003, ambacho mkahawa wake una wahudumu viziwi. Mteja anayesikia ndiye anayelazimika kujifunza ishara kidogo ili ahudumiwe. Likiwezekana kwa kikombe cha chai, linawezekana kwa Habari Njema.

Nasi tufanye nini?

Wamisionari waliokuja Tosamaganga na sehemu nyingine za nyanda hizi hawakungoja Wahehe wajue Kijerumani au Kiitaliano ndipo wawahubirie. Waliketi na wenyeji, wakajifunza Kihehe, Kibena na lugha nyingine za hapa. Kiziwi naye ni mwenyeji mwenye lugha yake. Siku ya Pentekoste kila mtu alizisikia habari za Mungu katika lugha yake mwenyewe, na hakuna sababu ya lugha ya mikono kutengwa na neema hiyo. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Marko sura ya 7, alipoletewa kiziwi alimtenga na umati, akaweka vidole masikioni mwake, akamgusa ulimi na kutazama juu mbinguni. Kabla ya kutamka Efatha, alisema naye kwa ishara alizoweza kuzielewa.

Sheria ya Kanisa haimfungii kiziwi mlango. Kanuni ya 990 yaruhusu mtu kuungama kwa njia ya mkalimani, mradi matumizi mabaya na kikwazo viepukwe, na kanuni ya 983 yamfunga mkalimani huyo kutunza siri. Pasipo mkalimani, au pale mwungamaji asipomtaka, maandishi au ishara zinazoeleweka zaweza kutumika. Kanuni ya 1104 yasema kwamba wachumba wasioweza kusema wataeleza hiari yao ya ndoa kwa ishara zenye maana hiyohiyo. Kinachopungua ni sisi tunaozijua ishara hizo. Kiziwi anayeishia kutikisa kichwa mbele ya padre asiyemwelewa amenyimwa kitu ambacho Kanisa lilikwisha kumpa.

Yafaa basi kila parokia ianze na hatua zilizo ndani ya uwezo wake. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wawatambue viziwi waliomo katika nyumba zetu, hasa watoto ambao wazazi wao huona aibu kuwaleta. Neno "bubu" tuliache, kwa maana wanalo la kusema. Katekista mmoja na vijana wawili watumwe kujifunza Lugha ya Alama, na walimu wao wawe viziwi wenyewe. Kanisani viziwi wapewe mabenchi ya mbele, mahali penye mwanga, wamwone mkalimani na uso wa padre bila kuzuiwa. Nasi mapadre tujifunze walau kuwasalimu, kuwabariki na kuwapa maondoleo ya dhambi huku wakifahamu kinachotendeka.

Padre de l'Épée hakuwa na parokia wala kiti cha maungamo. Alikuwa na nyumba, urithi wa wazazi wake na utayari wa kufundishwa na watoto ambao jamii iliwadhania hawana akili. Sisi tunazo parokia, vigango, makatekista na jumuiya. Tuombe neema ya kuwa na utayari uleule.

Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa viziwi, utuombee.